Mkono wa babu unatetemeka, lakini santuri inapigwa

Babu ana santuri ishirini na kitu ndani ya kabati la sebuleni, zimepangwa wima kama madaftari ya shule. Nyingi ni zile ndogo za inchi 7 alizonunua ujanani, enzi za mshahara wake wa kwanza. Kwa miaka kadhaa sasa hakuna aliyezisikia. Mashine ipo, umeme upo, na masikio yake bado yanasikia. Kinachokosekana ni kitu kidogo: mkono uliotulia wa kushika sindano na kuiweka taratibu mwanzoni mwa wimbo.

Mara ya mwisho alipojaribu, sindano iliruka na kukwaruza santuri kutoka ukingoni hadi karibu na katikati. Alizima mashine, akafunga kifuniko, akasema atapiga siku nyingine. Siku hiyo haikufika. Wajukuu wakadhani babu amechoka na mambo ya kale. Mama yao akadhani ni uzee.

Huu ni mfano tu, lakini wazazi wengi wanaoishi na wazee nyumbani watautambua. Bibi anaacha kushona kwa sababu uzi haupiti tena kwenye tundu la sindano. Babu anaacha kunywa chai mbele ya wageni kwa sababu kikombe kinagongana na kisosi. Hakuna anayesema kwamba mkono unamsumbua. Kila mmoja anasema tu kwamba hataki.

Kwa upande wa santuri, dawa ya tatizo hilo ilishapatikana zamani. Ni mashine ya santuri ya otomatiki, ile ambayo mtu hubonyeza kitufe na mashine yenyewe ikainua mkono wake, ikatua sindano mahali pake, na wimbo ukiisha ikaurudisha mkono na kuzima. Kwa upande wa mkono wa mzee, familia ina kazi nyingine ambayo hakuna mashine itakayoifanya: kumpeleka kwa daktari. Mambo haya mawili yanafaa kwenda pamoja.

Kitufe kimoja, basi

Mashine nyingi za santuri zinazosifiwa na mashabiki wa muziki haziko hivyo. Technics SL-1200 ya Japani, ambayo ilianza kuuzwa mwaka 1972 na kuwa kipenzi cha madijei duniani, haina mkono unaojiinua. Mtu huinua na kushusha sindano mwenyewe. Kwa dijei hilo ndilo linalotakiwa. Kwa mzee ambaye vidole vyake havitulii, ni kikwazo.

Mfano wa mashine ya otomatiki ambayo ni ya kawaida leo ni AT-LP60X ya kampuni ya Japani ya Audio-Technica. Mbele yake kuna kitufe cha kuanza, cha kusimamisha, na cha kuinua au kushusha mkono wa mashine katikati ya wimbo. Kuna pia swichi ya kuchagua ukubwa wa santuri, inchi 7 au inchi 12, na kitufe cha kuchagua kasi, mizunguko 33 na theluthi moja kwa dakika au mizunguko 45.

Mzee huweka santuri juu ya sahani ya mashine, huhakikisha ukubwa na kasi vimechaguliwa sawa, kisha hubonyeza. Sahani huanza kuzunguka. Baada ya sekunde chache mkono wa mashine hunyanyuka kutoka kwenye kikalio chake, husogea hadi ukingo wa santuri na kushuka polepole. Upande ukiisha, mkono hunyanyuka tena, hurudi ulikotoka, na sahani husimama.

Hapo ndipo mvuto wake ulipo kwa familia. Mzee akipitiwa na usingizi kwenye kiti, sindano haitabaki ikisagika usiku kucha kwenye duara la mwisho. Mama akiwa jikoni na mikono ina unga, halazimiki kukimbilia sebuleni. Na babu haombi msaada wa mtu kila anapotaka kusikia wimbo mmoja.

Kilichomo chini ya sahani

Mtu anaweza kudhani kuna kompyuta ndani. Kwenye mashine nyingi za aina hii hakuna. Kuna gia kubwa ya plastiki iliyojificha chini ya sahani, na sehemu moja ya ukingo wake haina meno. Wakati wimbo unapigwa, pengo hilo hukaa mbele ya gia ndogo iliyo katikati ya sahani, kwa hiyo sahani huzunguka bila kuigusa gia kubwa.

Kitufe cha kuanza kikibonyezwa, kidude kidogo huisukuma gia kubwa hadi meno yake yakamatane na gia ndogo. Nguvu ile ile inayozungusha santuri huizungusha gia kubwa mzunguko mmoja. Mfereji uliochongwa juu ya gia hiyo huusukuma mkono wa mashine: kwanza juu, halafu pembeni, halafu chini. Mzunguko ukikamilika, pengo hurudi mahali pake na kazi huisha.

Mashine inajuaje kwamba wimbo umekwisha? Inasoma mwendo wa sindano. Wakati wa muziki, mifereji ya santuri huusogeza mkono wa mashine kuelekea katikati kwa unyayo mdogo mno katika kila mzunguko. Baada ya wimbo wa mwisho, mfereji hupanuka ghafla na kuuvuta mkono ndani kwa haraka. Mvuto huo ndio unaofyatua gia.

Kwa sababu kila kitu hutegemea mota moja, mkanda wa mpira unaounganisha mota na sahani una kazi mbili. Ukilegea au kukauka, muziki unaweza kuyumba, au mkono wa mashine ukakwama njiani. Wengi hudhani mashine imekufa, kumbe ni mkanda tu.

Onyo moja ni muhimu kwa wenye watoto: mkono wa mashine ukiwa unajiendesha usishikwe wala kuzuiwa. Kuukamata katikati ya safari kunaweza kuvunja meno ya gia au kuharibu mpangilio, na baada ya hapo sindano itakuwa ikitua mahali pasipo sahihi.

Haikuanza leo

Wazo la mashine inayojihudumia lilitokana na uchovu wa wasikilizaji. Santuri za kwanza, zile nzito zilizozunguka karibu mara 78 kwa dakika, zilibeba dakika tatu hadi tano tu kwa kila upande. Mtu hakuwa akitulia kitini. Katika miaka ya 1920 na 1930, viwanda vya Marekani na Uingereza vilianza kuuza mashine zilizobadilisha santuri zenyewe. Garrard, kampuni ya mji wa Swindon nchini Uingereza, ilikuwa miongoni mwa majina makubwa. Santuri zilipangwa juu ya kijiti kirefu. Moja ikiisha, nyingine ilidondoka juu yake na kuanza.

Mwaka 1948 kampuni ya Columbia ya Marekani ilileta santuri kubwa ya mizunguko 33 na theluthi, iliyoweza kubeba dakika zaidi ya 20 kwa upande. Mwaka uliofuata RCA Victor ikatoa ile ndogo ya inchi 7 ya mizunguko 45, yenye tundu kubwa katikati ili mashine iweze kuzibadilisha haraka.

Mashine za otomatiki za leo nyingi hazirundiki tena. Hupiga upande mmoja wa santuri moja, kisha husimama na kusubiri. Santuri haiangukii nyingine, na hivyo haikwaruzwi.

Inapiga vizuri kiasi gani?

Mzazi anayefikiria kumnunulia mzee mashine ya namna hii anastahili kuambiwa ukweli: hulipii sauti bora kuliko zote, unalipia urahisi. Kwenye AT-LP60X, kwa mfano, uzito ambao sindano inakandamiza santuri umepangwa kiwandani na mnunuzi hawezi kuurekebisha. Kichwa cha sindano hakibadilishwi kirahisi kwa kingine cha hali ya juu. Mtengenezaji anasema kuyumba kwa kasi yake ni chini ya asilimia 0.25. Mashine za bei kubwa kwa kawaida huyumba chini ya hapo.

Kwa sikio la kawaida sebuleni, tofauti hiyo haiharibu starehe. Gitaa la bendi ya zamani litasikika, tarumbeta zitasikika, na sauti ya mwimbaji itakuwa na joto lake. Mwenye sikio kali anaweza kugundua mawimbi madogo kwenye noti ndefu ya kinanda, au mngurumo mdogo wa mota pale muziki unaponyamaza.

Kuna jambo jingine linalosaidia. Ishara inayotoka kwenye sindano ni dhaifu sana na huhitaji kikuza sauti cha pekee. Mashine hii ina kikuzaji hicho ndani yake, kwa hiyo inaweza kuunganishwa moja kwa moja na redio yenye tundu la kuingizia sauti au spika zenye umeme wake. Lipo pia toleo linalotuma sauti kwa Bluetooth.

Sindano huisha. Kwa kawaida maisha yake huhesabiwa kwa mamia ya saa za kupiga. Sindano iliyochakaa hula santuri kimyakimya, na santuri iliyoliwa hairudi kama ilivyokuwa. Kabla ya kununua mashine yoyote, ni busara kuuliza kama sindano na mkanda wake vinapatikana, na kwa bei gani. Mashine ya bei poa isiyo na sindano ya akiba hugeuka pambo la kabati.

Si kila santuri ya babu itafaa

Santuri nyingi za bendi za Kiswahili zilizotoka kati ya miaka ya 1960 na 1980 ni za inchi 7, mizunguko 45. Bendi nyingi za Tanzania zilitolewa kwa lebo za Nairobi, ambako kulikuwa na kiwanda cha santuri. Nyimbo zilikuwa ndefu kuliko upande mmoja, hivyo mara nyingi ziligawanywa: sehemu ya kwanza upande huu, sehemu ya pili upande wa pili. Anayekumbuka enzi za Mbaraka Mwinshehe anajua namna wimbo ulivyokatika pale watu walipoanza kukolea, na mtu mmoja akalazimika kuondoka uwanjani kwenda kugeuza.

Santuri hizo zinapigwa na mashine ya otomatiki bila shida, mradi swichi ya ukubwa imewekwa kwenye inchi 7. Ikisahauliwa kwenye inchi 12, mkono wa mashine utashuka mahali ambapo ukingo wa santuri kubwa ungekuwa, na sindano itagonga sahani tupu. Hilo ndilo kosa la kawaida kuliko yote, na huimaliza sindano.

Santuri za zamani zaidi, zile za mizunguko 78, ni habari nyingine. Siti binti Saad wa Zanzibar alirekodi santuri za aina hiyo mjini Bombay mwaka 1928. Familia yenye moja ya namna hiyo isiijaribu kwenye AT-LP60X. Mashine haina kasi hiyo, na mifereji ya santuri hizo ni mipana, inahitaji sindano nene zaidi. Santuri hizo pia huvunjika kama kigae, na nyingi zimetengenezwa kwa utomvu unaoyeyuka kwenye spiriti. Anayezisafisha kwa spiriti atazifuta pamoja na muziki wake.

Santuri za plastiki hazipendi joto. Zikiachwa kwenye gari lililofungwa juani au karibu na dirisha lenye jua la mchana, hujikunja. Zisimamishwe wima, zisilazwe kwa rundo, na zishikwe pembeni bila kugusa mifereji.

Mashine kutoka kwa ndugu Marekani

Familia nyingi hupata mashine za zamani kupitia ndugu walioko nje. Hapa kuna mtego. Umeme wa Marekani ni wa volti 120 na hertz 60, wakati wa Afrika Mashariki ni wa volti 230 hadi 240 na hertz 50. Transfoma hupunguza volti, lakini haibadilishi hertz.

Mashine nyingi za miaka ya 1960 na 1970 zilikuwa na mota inayofuata hertz za umeme. Iliyotengenezwa kwa hertz 60 ikichomekwa kwenye hertz 50 huzunguka kwa kasi ya tano ya sita tu. Badala ya mizunguko 33 na theluthi, hupata karibu 28. Mwimbaji husikika kama amelewa usingizi. Baadhi ya mashine zina kipuli cha kubadilisha ili zifae hertz 50, nyingine hazina.

Mashine za leo zinazotumia adapta ndogo ya volti 12 hazina tatizo la kasi. Hata hivyo, maandishi kwenye adapta yasomwe kwanza. Ikiwa imeandikwa 100-240V, inafaa. Ikiwa imeandikwa 120V pekee, isichomekwe ukutani. Itafutwe nyingine ya kipimo sahihi.

Kutetemeka si uzee tu

Mashine inaweza kumrudishia babu muziki wake, lakini isiwe kisingizio cha kunyamazia mkono wake. Kutetemeka kwa mikono kuna sababu nyingi, na baadhi zina matibabu.

Aina moja inayowapata wengi hujitokeza pale mkono unapofanya kazi: kushika kikombe, kuandika, kuingiza ufunguo, kushusha sindano ya santuri. Mkono ukipumzika, hutulia. Mara nyingi aina hii hurithiwa katika ukoo. Haiui, lakini humnyima mtu uhuru, na zipo dawa zinazoweza kuipunguza.

Kutetemeka kwa ugonjwa wa Parkinson huwa tofauti. Mara nyingi huonekana mkono ukiwa umetulia mapajani, huanza upande mmoja, na huja pamoja na dalili nyingine: mwendo wa kuburuza miguu, mwili kukakamaa, mwandiko kupungua ukubwa, uso kukosa bashasha. Si kila mgonjwa hutetemeka, na si kila anayetetemeka ana ugonjwa huo. Ndiyo maana anayestahili kuamua ni daktari, si jirani.

Sababu nyingine ni tezi ya shingoni kufanya kazi kupita kiasi, baadhi ya dawa zikiwamo za pumu za kupanua njia ya hewa, kahawa nyingi, pombe au kuiacha ghafla, na wasiwasi. Mzee anapokwenda hospitali abebe dawa zake zote, pamoja na za mitishamba, ili daktari azione. Asiache dawa yoyote kwa uamuzi wake mwenyewe.

Mtoto wa mzee anaweza kusaidia kwa kuandika mambo manne kabla ya safari ya hospitali: kutetemeka kulianza lini, ni mkono mmoja au yote miwili, ni wakati wa kazi au wa kupumzika, na nani mwingine katika ukoo anayo hali hiyo. Maelezo hayo humrahisishia daktari kazi.

Lakini mkono au mguu wa upande mmoja ukilegea ghafla, uso ukipinda au maneno yakianza kukokota, hapo hakuna kusubiri miadi. Hizo ni dalili za kiharusi, na kila dakika ina thamani.

Babu akisema ongeza sauti

Santuri ikianza kupigwa sebuleni, familia inaweza kugundua jambo jingine. Babu anataka sauti ipandishwe, na wajukuu wanaziba masikio. Kwa mujibu wa Shirika la Afya Duniani, WHO, zaidi ya robo ya watu wenye umri wa zaidi ya miaka 60 wana upotevu wa kusikia unaowaathiri katika maisha. Wakati mwingine chanzo ni nta iliyoziba sikio, jambo linalotatuliwa kliniki kwa muda mfupi. Pamba za vijiti zisitumike, kwani huisukuma nta ndani zaidi. Chanzo kikiwa kingine, kipo kifaa cha kusaidia kusikia. Upotevu wa kusikia usioshughulikiwa unatajwa na wataalamu miongoni mwa mambo yanayoongeza hatari ya ugonjwa wa kusahau uzeeni.

Masikio ya wajukuu nayo yana hesabu yake. WHO inashauri mtu mzima asizidishe saa 40 kwa wiki kwa sauti ya desibeli 80. Kwa mtoto kipimo hicho ni desibeli 75. Sauti ikipanda, muda salama hupungua haraka: kwa mtu mzima, kwenye desibeli 90 hubaki saa 4 tu kwa wiki nzima. Seli za ndani ya sikio zinazopokea sauti zikifa, hazioti tena.

Mzazi hahitaji chombo cha kupimia. Akilazimika kupaza sauti ili asikiwe na mtu aliye umbali wa mkono mmoja, muziki umezidi. Na hapa spika ya sebuleni ina faida moja ambayo simu na vipokea sauti vya masikioni havina: kila mtu anasikia kinachosikiwa na mtoto, na anayekereka anaweza kusema.

Muziki na kumbukumbu

Kwa familia yenye mzee anayeanza kusahau, nyimbo za ujanani zinaweza kuwa mlango uliobaki wazi. Wahudumu wa wazee wameshuhudia watu waliosahau majina ya watoto wao wakiimba ubeti mzima bila kukosea. Mapitio ya tafiti kuhusu tiba ya muziki kwa wagonjwa hao yanaonyesha kwamba inaweza kupunguza dalili za sonona. Haiponyi ugonjwa, wala haichukui nafasi ya dawa na matunzo.

Mashine ya kitufe kimoja ina nafasi hapo pia, ingawa si kwa kila mgonjwa. Mzee ambaye kumbukumbu yake imepungua kidogo anaweza kujifunza kitufe kimoja, hasa kikibandikwa karatasi ya rangi. Swichi za ukubwa na kasi ziachwe kwenye aina ya santuri anayopiga zaidi. Hali ikiwa imeendelea, mtu mwingine abonyeze, na mzee achague wimbo.

Kazi ya mjukuu

Watoto wadogo wasiachwe peke yao na mashine hii. Kile kipande cha plastiki kinachoziba tundu kubwa la santuri za inchi 7 ni kidogo na kinaweza kumkaba mtoto. Nyaya zipitishwe nyuma ya kabati, na mashine ikae mahali tambarare pasipotikisika watu wakicheza.

Mtoto aliyeanza shule, hata hivyo, anaweza kupewa kazi ya kweli. Mashine ya otomatiki inajua kuanza na kumaliza, lakini haijui kugeuza. Wimbo wa sehemu mbili ukifika katikati, mkono wa mashine hunyanyuka, hurudi, na nyumba hunyamaza. Lazima mtu ainuke.

Mjukuu anafundishwa kunawa mikono, kusubiri sahani isimame kabisa, kushika santuri pembeni kwa viganja viwili, kuigeuza na kuilaza. Kisha anarudi kukaa. Kubonyeza ni kazi ya babu.

Kidole cha babu kinatetemeka kikikaribia kitufe, kama kinavyotetemeka kwenye kikombe. Safari hii haidhuru. Kitufe ni kipana, na kidole kikigusa tu, sahani inaanza kuzunguka.